Usichanganye SA na Majivu: Somo Nililolipata Kwenye Daftari la Kidato cha Tatu



Leo sianzi na ushauri. Naanza na kosa langu mwenyewe, maana ushauri wote utakaousoma hapa chini umetoka humo.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo kazini huku Itungi. Tulikuwa na mkutano wa wakulima wa mpunga chini ya mwembe, si mbali na barabara iendayo bandarini. Mpunga ulikuwa umefikia kuwekewa mbolea ya kukuzia. Mama mmoja akasimama akauliza: "Bwana shamba, mimi nina majaruba matatu na mikono ni hii miwili. Nikichanganya majivu ya jikoni na mbolea ya dukani, nikarusha mara moja, kuna ubaya?"

Jua lilikuwa kali na watu walishaanza kujikung'uta waondoke. Nikajibu haraka: "Hakuna ubaya mama. Majivu ni mbolea, na hiyo nyingine ni mbolea." Mkutano ukaisha.

Mama yule alinunua mfuko wa SA wa kilo 25 kwa fedha aliyokopa kikundini. Jioni akamimina zaidi ya nusu yake kwenye beseni kubwa, akatia debe la majivu. Kwa kuwa majivu hupeperuka, akanyunyizia maji kidogo, akakoroga. Mvua ikaja, hakwenda shambani. Beseni likalala barazani. Asubuhi alipoinama kulibeba, harufu ikampiga puani na macho yakamtoka machozi. Aliniambia baadaye kwamba alifurahi. Alidhani mbolea ikiwa kali namna hiyo ndiyo nzuri.

Wiki mbili zikapita. Majirani walionunua mbolea duka lile lile, shehena ile ile, mpunga wao ukawa kijani cha kupendeza. Wa mama ukabaki na umanjano wake. Akaenda dukani akasema mbele ya watu: "Umeniuzia chumvi." Nawe unajua neno kama hilo linavyosafiri kwetu. Kabla ya soko la wiki lilishafika Ipinda. Wateja wakaanza kulipita duka lile na kulipa nauli ya bodaboda hadi Kyela mjini kununua mbolea.

Mwenye duka akanifuata. "Bwana shamba, mfuko nilimpa umeshonwa, akaukagua mwenyewe. Nisaidie." Sikuwa na jibu la kumpa. Nakiri kwamba hata mimi moyoni nilimshuku yeye. Sikujishuku mimi.

Daftari la binti

Siku chache baadaye, jioni, binti wa yule mama akaja kwangu na daftari. Alikuwa kidato cha tatu.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema nisikuulize habari za mpunga, nikuulize kemia tu."

Nikacheka, lakini iliniuma. Nikafungua daftari. Swali lilisema: maji ya kloridi ya amonia yamechanganywa na maji ya hidroksidi ya sodiamu, yakapashwa moto kidogo. Imetoka gesi yenye harufu kali inayowasha macho. Andika mlinganyo kamili, kisha mlinganyo wa ioni, kisha mlinganyo halisi wa ioni, na utaje ioni watazamaji.

Nilipofika kwenye "harufu kali inayowasha macho", mkono ulisimama. Nililiona lile beseni barazani.

Hili nililisoma shuleni, na nililijibu kwenye mtihani. Lakini nililijua kama wimbo: andika, vunja, futa, maliza. Sikuwahi kujiuliza ni nini hasa ninachokifuta, na kwa nini. Usiku ule, nikimfundisha mtoto wa watu, ndipo nilipojifunza. Nitakueleza wewe kama nilivyomweleza yeye.

Ioni ni nini, na mtazamaji ni nani

Chukua chumvi ya jikoni, itie kwenye maji. Imepotea machoni, lakini ulimi unaiona. Kilichotokea ni kwamba chumvi imeachana kuwa chembe za aina mbili. Moja ni ya sodiamu yenye chaji chanya, tunaiandika Na⁺. Nyingine ni ya kloridi yenye chaji hasi, Cl⁻. Chembe hizo zenye chaji ndizo ioni. Ndani ya maji kila moja inatembea kivyake, kama watu waliofika mnadani kwa basi moja wakatawanyika.

Mbolea nyingi za dukani ni za jamaa hiyo hiyo. SA ni salfeti ya amonia. Ikiyeyuka inatoa ioni ya amonia, NH₄⁺, na ioni ya salfeti, SO₄²⁻. Ile ya amonia ndiyo yenye naitrojeni inayoupa mpunga rangi ya kijani.

Sasa ukichanganya maji mawili yenye ioni, mara nyingi si zote zinazofanya kitu. Baadhi zinakutana, zinaungana, zinakuwa kitu kipya: gesi inayopaa, mashapo yanayozama, au maji. Nyingine zilikuwemo mwanzo na zimo mwisho, vile vile, ndani ya maji yale yale. Hizo ndizo ioni watazamaji. Kwenye uwanja wetu wa mpira kuna wachezaji 22 na kijiji kizima kimezunguka. Ukitaka kueleza bao lilivyofungwa, hutaji waliosimama pembeni, ingawa walikuwapo na waliingia kwa mlango ule ule.

Mlinganyo uliobaki baada ya kuwatoa watazamaji unaitwa mlinganyo halisi wa ioni. Mwenye duka analijua neno hili "halisi". Kwenye mfuko wa mbolea imeandikwa uzito halisi, yaani uzito ukishautoa mfuko wenyewe. Ni jambo lile lile.

Hatua kwa hatua

Hivi ndivyo tulivyolifanya swali la binti.

*Hatua ya kwanza: andika mlinganyo kamili, usawazishe, uonyeshe kila kitu kiko katika hali gani.*

NH₄Cl (majini) + NaOH (majini) → NaCl (majini) + NH₃ (gesi) + H₂O (kimiminika)

*Hatua ya pili: vunja vile tu vilivyoyeyuka majini na kuachana kuwa ioni.* Gesi usiivunje. Maji usiyavunje. Yabisi lililozama chini usilivunje. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoanguka: wanavunja kila kitu.

NH₄⁺ + Cl⁻ + Na⁺ + OH⁻ → Na⁺ + Cl⁻ + NH₃ + H₂O

*Hatua ya tatu: futa kilichopo pande zote mbili bila kubadilika.* Na⁺ ipo kushoto na kulia. Cl⁻ ipo kushoto na kulia. Hao ni watazamaji.

*Hatua ya nne: andika kilichobaki, hesabu atomi, hesabu chaji.*

NH₄⁺ + OH⁻ → NH₃ + H₂O

Kushoto naitrojeni moja, hidrojeni tano, oksijeni moja. Kulia vivyo hivyo. Chaji kushoto ni chanya moja na hasi moja, jumla sifuri. Kulia sifuri. Sawa.

Binti alifurahi, akataka kufunga daftari. Nikamwambia, "Subiri. Tufanye na la mama."

Beseni la mama

Majivu ya kuni yana vitu vingi. Kinachoyeyuka upesi majini ni hasa kabonati ya potasiamu. Kabonati hiyo ikiwa majini huzaa ioni ya OH⁻, na ndiyo maana maji ya majivu huteleza vidoleni kama sabuni. Kwa hiyo kwenye beseni lenye unyevu kulikuwa na hivi:

2NH₄⁺ + SO₄²⁻ + 2K⁺ + 2OH⁻ → 2NH₃ + 2H₂O + 2K⁺ + SO₄²⁻

Nikampa kalamu. Akafuta potasiamu, akafuta salfeti, akagawanya kwa mbili. Kisha akanitazama. Kilichobaki kilikuwa hiki:

NH₄⁺ + OH⁻ → NH₃ + H₂O

Ni mlinganyo ule ule wa shuleni. Vitu viliingia kwa majina mengine kabisa: huku kloridi na sodiamu, kule salfeti na potasiamu. Watazamaji walibadilika, mchezo haukubadilika. Harufu iliyomtoa mama machozi ilikuwa naitrojeni yake ikiondoka.

Tena angalia jambo lililotudanganya sote. Asubuhi ile beseni lilikuwa bado limejaa. Hakuna mtu angeona kwamba kimepungua kitu. Waliobaki ndani, pamoja na majivu, walikuwa watazamaji: potasiamu na salfeti. Mchezaji alipaa hewani usiku. Mama akabeba beseni zito hadi shambani akamwaga, na sehemu ya chakula alichokilipia ilikuwa imeshaondoka zamani.

Mfuko wa SA wa kilo 25 una naitrojeni asilimia 21, yaani kilo tano na robo. Hiyo ndiyo unayoinunua kwa ajili ya rangi ya kijani. Kiasi kinachopotea hutegemea unyevu, joto, wingi wa majivu na muda. Mama aliupa mchanganyiko usiku mzima.

Dukani, mbele ya watu

Asubuhi nilimwomba mama tufuatane hadi dukani, pamoja na ile mbolea kidogo iliyobaki mfukoni. Binti naye alikuja kabla ya kwenda shule. Tulichukua chupa mbili safi. Ya kwanza tukatia punje za SA na maji kidogo, tukaipitisha puani. Haikuwa na harufu ya kuwasha. Ya pili tukatia SA, majivu na maji kidogo, tukaifunika kwa muda, kisha tukaipunga kidogo kuelekea puani. Mama alirudi nyuma hatua mbili.

"Ndiyo ile ile," akasema. "Kwa hiyo hewa ndiyo iliyokula mbolea yangu."

Nikamwambia, "Hewa imekula, lakini mimi ndiye niliyeipakulia."

Mwenye duka hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Na jina langu, bwana shamba, nani atalirudisha?"

Swali hilo halina mlinganyo. Nililipa kwa njia niliyoweza. Mkutano uliofuata, chini ya mwembe ule ule, nilisimama nikasema: mbolea ilikuwa nzima, ushauri ndio uliokuwa mbovu, na ushauri ulikuwa wangu. Mama naye akasimama, bila kuombwa, akamwomba radhi mwenye duka. Wateja walirudi polepole, si wote. Naandika haya leo kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo siku ile.

Faida ya kuujua mlinganyo halisi

Utaniuliza: si ungetuambia tu "usichanganye SA na majivu", yakaisha? Ningeweza. Lakini kesho utanunua CAN badala ya SA, au DAP, au NPK. Kesho kutwa badala ya majivu utakuwa na chokaa. Onyo la majina mawili halikusaidii hapo. Mlinganyo halisi unakusaidia, kwa sababu unataja wachezaji tu. Popote NH₄⁺ inapokutana na OH⁻ penye unyevu, amonia itatoka. Huna haja ya kukariri jina la kila mfuko. Uliza tu: humu mna amonia? Na humu mna kitu kama chokaa au majivu?

Vivyo hivyo unaweza kujua mchanganyiko usio na vita. Tia SA na mbolea ya kloridi ya potasiamu kwenye maji mengi. Utapata NH₄⁺, SO₄²⁻, K⁺ na Cl⁻. Hakuna gesi, hakuna mashapo. Wote ni watazamaji, na hapo hakuna mlinganyo wa kuandika. Mwanafunzi akipewa swali la namna hiyo asihangaike kubuni jibu. Aandike kwamba hakuna mmenyuko.

Lakini usimdharau mtazamaji. Salfeti iliyokaa pembeni kwenye ugomvi wa amonia na majivu ina salfa, na mpunga unaihitaji. Potasiamu nayo ni chakula cha mmea. Kuwa mtazamaji katika mchezo huu si kuwa bure katika kila mchezo.

Mfano wa pili: mrututu na chokaa kwenye kakao

Wenye kakao wanaijua shida ya maganda kuoza na kuwa meusi wakati wa mvua nyingi. Moja ya dawa za zamani ni mrututu, yaani salfeti ya shaba, uliochanganywa na chokaa iliyozimwa. Dawa hii ilitokea Bordeaux, Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu. Mtaalamu wa mimea Millardet aliitangaza mwaka 1885.

Mrututu mtupu huunguza majani, kwa sababu ioni ya shaba, Cu²⁺, iko huru majini. Ukiongeza chokaa, unaona maji yanakuwa mazito yenye rangi ya buluu ya mbingu. Kwa hesabu rahisi ya shuleni ni hivi:

Cu²⁺ + 2OH⁻ → Cu(OH)₂

Yale mashapo ya buluu ndiyo dawa. Yanashika kwenye ganda na kuachia shaba kidogo kidogo. Kalisi na salfeti huandikwa kama watazamaji, ingawa dawa ikiwa nzito sehemu yake huungana kuwa jasi. Kwa hiyo mtazamaji wa kwenye maji mengi anaweza kuingia uwanjani maji yakiwa machache.

Kipimo chao ni cha zamani na ni cha bei rahisi. Chukua msumari wa chuma, usugue ung'ae, uuchovye kwenye dawa kwa dakika chache. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, basi Cu²⁺ ya huru bado ipo, ongeza chokaa. Ukitoka safi, dawa iko tayari. Mlinganyo wake halisi:

Fe + Cu²⁺ → Fe²⁺ + Cu

Salfeti iko pembeni, inatazama. Mlinganyo huo huo unakuambia kwa nini usichanganyie dawa hii kwenye ndoo ya chuma: ndoo italiwa na shaba itabaki ukutani mwa ndoo.

Sasa ushauri wenyewe

Kwa mkulima:

- Usichanganye mbolea yenye amonia (SA, CAN, DAP na NPK nyingi) na majivu au chokaa, iwe kwenye beseni, ndoo au mfuko.
- Ukitaka kutumia majivu au chokaa, tangulia nayo, changanya na udongo, kisha acha wiki mbili hadi tatu ndipo uweke mbolea ya amonia.
- Yurea haina ioni ya amonia ikiwa mfukoni, kwa hiyo haitatoa harufu mara moja. Lakini ikifika kwenye udongo inageuka kuwa amonia, na majivu yakiwa juu ya udongo huo utapoteza vile vile. Nayo usiichanganye.
- Mrututu: kwa lita 100 za maji, kilo moja ya mrututu na kilo moja ya chokaa iliyozimwa. Tumia vyombo vya plastiki. Mimina maji ya mrututu ndani ya maji ya chokaa huku ukikoroga, si kinyume chake. Pima kwa msumari. Tumia siku hiyo hiyo. Vaa glavu na ufunike macho.
- Usioshe bomba la kupulizia mtoni wala ziwani. Shaba inaua samaki, na sisi tunaishi kwa ziwa hili.
- Kama kikundi chenu kinauza kakao ya kilimo hai, uliza kwanza kwa viongozi wenu kabla ya kupuliza chochote.

Kwa mwenye duka:

- Usipange mbolea karibu na chokaa au saruji. Saruji nayo, ikipata unyevu, inatoa OH⁻. Paa likivuja juu ya mifuko hiyo miwili, utajua kwa pua.
- Kipimo cha chupa kinaonyesha kwamba amonia imo. Hakionyeshi ni kiasi gani, wala hakitofautishi SA na CAN, kwa sababu salfeti na naitreti ni watazamaji na hawana harufu. Kiasi hujulikana maabara. Mfuko ukiutilia shaka, usiufungue, toa taarifa kwa afisa kilimo wako au kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA).
- Mteja akirudi na malalamiko, muulize kwanza: uliichanganya na nini, na ililala wapi?

Na kwa mzazi mwenye mtoto sekondari: akikuambia kemia ya kuvunja na kufuta ioni haina maana, mpe majivu, punje za SA na kijiko cha maji, nje ya nyumba, avute harufu kidogo tu. Kisha mwambie aandike alichonusa.

Yule binti alirudisha daftari shuleni na milinganyo miwili badala ya mmoja. Mwalimu aliweka vema kwenye wa kwanza. Kando ya wa pili aliandika kwa kalamu nyekundu: "Huu umetoka wapi?"

 Tukutane shambani.